Kaburi la Ng'ambo: Krapf, safari iliyokatika na lugha ambayo hakuja kuitafuta

Dada mmoja wa kundi letu la sala la Jumanne alivunjikiwa na uchumba wiki tatu kabla ya harusi. Mahari ilikuwa imeshatolewa, ukumbi umelipiwa, kadi zimeshafika hadi kwa shangazi zake bara. Tuliokwenda kumpa pole tulimwambia lile neno ambalo sote tunalo mdomoni: Mungu amekuepusha na jambo, anakuandalia lililo bora zaidi. Mimi nililisema pia. Akatusikiliza mpaka tukamaliza, kisha akauliza kwa upole kabisa, "Nyinyi mmejuaje?"

Hakuna aliyemjibu. Nami nimekaa na swali lake kwa miezi kadhaa, hata nikaona nifanye jambo moja: nichukue kisa cha mtu halisi ambaye mipango yake ilivunjika, mtu ambaye maisha yake yamekwisha na tarehe zake zinajulikana, nikifuate toka mwanzo hadi mwisho bila kuruka mahali panapouma. Nimemchagua Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani wa karne ya kumi na tisa. Kaburi la mkewe liko Nyali, ng'ambo ya Mji wa Kale wa Mombasa, na mimi hupita Kengeleni, upande huohuo, karibu kila siku. Isitoshe, makanisani kwetu kisa chake husimuliwa vibaya. Husemwa kwamba Mungu alimfungia mlango wa Ethiopia ili amlete kwetu, akatuandikia lugha yetu, mwisho wa habari. Ukikisikia hivyo unadhani njia yake ilikuwa imenyooka kama reli.

Alichokuwa amekipanga

Krapf alizaliwa mwaka 1810 Derendingen, kijiji karibu na Tübingen, Ujerumani ya kusini, katika nyumba ya mkulima. Alisomea umisionari Basel, Uswisi, na mwaka 1837 akatumwa Ethiopia na chama cha kimisionari cha Kanisa la Anglikana, CMS. Mwaka uliofuata yeye na wenzake walifukuzwa Adwa, kaskazini. Akazunguka, na mwaka 1839 akaingia Shoa, kwa Mfalme Sahle Selassie.

Huko Shoa ndiko lilikoota lile lililokuja kumtawala moyo. Aliwaona Waoromo, ambao siku hizo watu wa nje waliwaita Wagala, jina wasilolipenda. Akaamini kwamba taifa kubwa namna hiyo likipokea Injili, Afrika yote ya Mashariki itafuata. Akajifunza lugha yao, akaanza kutafsiri sehemu za Agano Jipya katika Kioromo. Hili lazima tulishike vizuri, maana uchambuzi wote unaliegemea: Krapf hakuwa mtu wa kupenda kusafiri tu, anayeridhika popote apelekwapo. Alikuwa na watu wake, na alikuwa na hakika kwamba ni Mungu aliyempa watu hao. Mpango uliokuja kuvunjika ulikuwa mpango alioupokea kwa sala.

Nalikazia hili kwa sababu tunapomfariji aliyeharibikiwa huwa tunadokeza kwamba pengine mpango ulikuwa wake mwenyewe, si wa Mungu, ndiyo maana umeanguka. Dada yetu naye alifunga na kuomba kabla ya kusema ndiyo.

Kutoka Shoa hadi Mombasa

Mwaka 1842 Krapf aliondoka Shoa kwa muda tu. Alikuwa anakwenda Misri kumpokea mchumba wake, Rosina Dietrich, aliyekuwa akitoka Ulaya, kisha warudi pamoja. Njiani, katika nchi ya Wollo, mtawala mmoja alimkaribisha, akamshikilia, akamnyang'anya kila alichokuwa nacho. Mtawala yule alikuwa Mworomo. Aliyempora ni mmoja wa watu aliokuwa amewapa maisha yake. Krapf alifika pwani ya Bahari ya Shamu akiwa fukara wa kuomba chakula.

Alimpata Rosina, wakafunga ndoa Alexandria. Walipotaka kurudi Shoa, njia ilikuwa imefungwa. Wakajaribu kupitia Massawa, kaskazini. Huko nyikani Rosina alijifungua kabla ya wakati, mtoto wa kike, akaishi muda mfupi mno. Walimwita Eneba, yaani chozi. Wakamzika, na mama, ambaye hata siku za uzazi hazijatimia, akapandishwa tena kwenye mnyama wa safari. Na huko walikokuwa wakienda wakazuiwa vilevile.

Hapo ndipo Krapf alipofikiria pwani yetu. Naomba msomaji atazame sababu yake: aliitaka Mombasa kwa kuwa aliamini angeweza kuwafikia Waoromo kutokea kusini. Kwake sisi tulikuwa mlango wa nyuma. Kiswahili kilikuwa ngazi ya kupandia kwenda kwingine.

Mnamo Novemba 1843 walipanda chombo Aden. Kikaanza kuvuja, wakaokolewa, wakarudi walikotoka. Wakapanda kingine. Januari 1844 wakafika Mombasa, wakaendelea hadi Unguja, ambako Sultani Seyyid Said aliwapokea kwa heshima na kumpa Krapf barua kwa magavana wake: huyu ni mtu mwema anayetaka kuwaongoza watu kwa Mungu, mtendeeni wema. Sultani Mwislamu ndiye aliyemfungulia mlango baada ya wafalme Wakristo wa Ethiopia kumfungia. Mei mwaka huohuo mume na mke wakahamia Mombasa, Rosina akiwa mjamzito tena.

Juni na Julai 1844

Tarehe 8 Juni 1844 Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Aliyeketi naye alikuwa Sheikh Ali bin Muhyiddin, mtu wa asili ya Barawa, kadhi wa Mombasa. Krapf mwenyewe aliandika baadaye kwamba siku hiyo aliihesabu kuwa miongoni mwa siku kubwa kabisa za maisha yake, na kwamba mara tu baada ya kuanza, jaribu zito likamwangukia.

Walikuwa wamefika mjini katika masika. Mtu wa pwani anajua masika yanapokwisha ni nini kinachobaki kwenye madimbwi. Siku hizo hakuna aliyejua kwamba mbu ndiye anayebeba malaria. Jambo hilo lilithibitishwa mwishoni mwa karne, na huko Ulaya walidhani homa inaletwa na hewa mbaya. Krapf aliugua kwanza. Mapema Julai Rosina akajifungua, mtoto wa kike tena, na siku chache baadaye homa ikamkamata yeye. Wakawa wamelala wote wawili chumba kimoja. Rosina aliomba kwa sauti: kwa ajili ya ndugu zake, ya mumewe, ya Afrika Mashariki, hata ya Sultani. Akamwambia mumewe amzike bara, ng'ambo ya kisiwa, ili Wamijikenda wanaopita waone kaburi na wakumbuke ni jambo gani lililowaleta watu hawa katika nchi yao. Alipokata roho, mumewe aliinuka kitandani kwa shida ili ahakikishe kwamba amekufa kweli. Mtoto akafuata muda mfupi baadaye.

Hapa wasimulizi wetu huenda mbio. Huiruka Julai na kutua kwenye kamusi yake ya Kiswahili. Mimi naomba tukae kidogo. Mwanamke huyu hajafika Shoa. Hajawaona Waoromo wa mumewe isipokuwa kwa kusimuliwa. Aliolewa mwaka 1842, akazika mtoto mmoja jangwani na kufa na wa pili mikononi, akiwa Mombasa kwa miezi miwili hivi. Yeye naye alikuwa na mpango. Ukisema Mungu aliuvunja mpango wa Krapf ili alete ulio bora, umwambie Rosina ulio bora wake ni upi.

Krapf aliandika kwa chama chake huko London barua ambayo Wakristo wa Afrika Mashariki wameirudiarudia. Aliwaambia wawajulishe marafiki kwamba sasa pwani ya Afrika Mashariki lipo kaburi la upweke la mmisionari, na kwamba iwe ishara kwao ya kuwa mapambano yameanza, kwa kuwa Kanisa hushinda likipita juu ya makaburi ya watu wake. Ni maneno ya mtu ambaye bado ana homa. Nimeyasoma mara nyingi. Kinachonigusa ni kwamba hakuandika kuwa sasa anaelewa kwa nini. Alitaja kaburi, akataja kazi, akaviacha viwili hivyo vikae pamoja.

Imani yake ilikuwa kitu gani hasa

Tukitafuta mahali imani ya Krapf ilipoonekana, hatutaipata katika uhakika kuhusu yatakayokuja, maana kuhusu yatakayokuja alikosea mara nyingi. Aliamini angewafikia Waoromo, hakuwafikia. Aliamini vituo vya misheni vingepangwa kama mnyororo kutoka pwani hii hadi pwani ya magharibi ya Afrika, na akauhimiza mpango huo kwa miaka. Enzi yake haukutokea. Mmisionari mwenzake Johannes Rebmann alipomfikia mwaka 1846 wakahamia Rabai, bara ya Mombasa, na baadhi ya waliotumwa baadaye kuwasaidia walikufa kwa homa kabla ya kuzoea jua. Mwaka 1851 alisafiri na Kivoi, mkuu wa Wakamba, kuelekea Mto Tana; msafara ukashambuliwa, Kivoi akauawa, na Krapf akatoroka peke yake porini, akisafiri usiku, akiteka maji kwa mfuko wa darubini na kuyajaza hata katika mitutu ya bunduki. Mwaka 1853 afya ikamrudisha Ulaya. Ukimpima kwa malengo aliyojiwekea, alishindwa karibu kila mahali.

Imani yake naiona kwenye jambo dogo zaidi. Baada ya Julai alirudi kwenye meza ileile. Kitabu cha Mwanzo kilikuwa hapo, na kadhi alikuwa hapo. Akaendelea kuuliza: neno hili mnalitamkaje, hili likiwa wengi linageukaje, kitenzi hiki kikifanyiwa mtu kinakuwaje. Kabla Rebmann hajafika, alikuwa na rasimu ya sehemu kubwa ya Agano Jipya. Mwaka 1850 sarufi yake ya Kiswahili ilichapwa Tübingen. Siku akiwa mgonjwa aliandika akiwa kitandani, na akipata nafuu alivuka kwenda bara kutafuta mahali pa kukaa. Mtu aliyefiwa akinyoosha viambishi vya ngeli mezani anaonekana kama anajificha, na labda siku nyingine alikuwa anajificha kweli. Hata hivyo nadhani hiyo ndiyo sura ambayo imani huwa nayo wakati mpango umeanguka na mwingine haujaonekana. Kazi iliyo mkononi haikuwa lazima iwe ile kubwa.

Nabii Yeremia aliwaandikia mateka wa Babeli barua inayosomwa sana kwenye kadi za pongezi, lakini husomwa mstari mmoja tu, ule wa mawazo ya amani na tumaini. Mistari ya kabla yake inasema jengeni nyumba, pandeni bustani, ozesheni watoto wenu, uombeeni mji huo niliowapeleka. Na inataja miaka 70, maana yake wengi waliosikia barua ikisomwa wangefia palepale Babeli. Wale wazee walipewa ahadi ambayo hawangeiona, na bustani ambayo wangeila. Krapf, naona, aliishi katika mistari hiyo ya bustani.

Tena upo mfano wa Paulo, ambao hatuutumii vya kutosha. Anawaandikia Warumi kwamba atapitia kwao akienda Hispania. Ni mpango uliokamilika, na kituo cha njiani amekitaja. Rumi alifika, ila akiwa mfungwa chini ya ulinzi wa askari. Kuhusu Hispania, Matendo ya Mitume hayasemi kitu. Kitabu kinakwisha yupo Rumi katika nyumba aliyopanga, anapokea wageni.

Hesabu isiyolingana

Sasa nifike pale swali la dada yetu linapogonga. Je, tuna haki ya kusema kwamba kaburi la Nyali lilikuwa bei ya Kiswahili kilichoandikwa, na kwamba bei hiyo ilistahili?

Mimi nasema hatuna. Kwanza, kwa ukweli wa historia. Kiswahili hakikuwa kimya kikimsubiri Krapf. Kilikuwa na tenzi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu tangu zamani, na wasomi kama huyo kadhi aliyemfundisha. Na hata kazi ya Krapf haikutwaa nafasi aliyotaka. Yeye aliandika hasa Kimvita, Kiswahili cha Mombasa. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa, iliamuliwa kwamba Kiswahili sanifu kijengwe juu ya Kiunguja. Kwa hiyo lile "bora zaidi" tunalomhesabia nalo lilipewa njia nyingine.

Pili, na hili ndilo zito kwangu, Mungu tunayemtetea kwa hesabu ya namna hiyo anaanza kufanana na mfanyabiashara anayechukua mke na watoto wawili, halafu anarudisha kamusi. Mwenyezi Mungu hakututuma tumtafutie udhuru wa aina hiyo. Biblia ina zaburi inayoishia gizani, ya 88, na hakuna aliyeiongezea mstari wa kuipoza.

Hapo mtu ataniuliza: basi mema yaliyotokea si kazi ya Mungu? Ni kazi yake, naamini hivyo kwa moyo wote. Ndiyo sababu nikipita Kengeleni moyo wangu hutulia. Upande uleule wa bara alikozikwa Rosina, miaka ya 1870, ulianzishwa mji wa Freretown kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa, na jina Kengeleni limetokana na kengele ya huko. Mama aliyeomba azikwe mahali wapita njia watakapomwona, watu walioponea utumwani wakaja wakajenga jirani naye. Sithubutu kusema alikufa ili hilo litokee. Nasema Mungu hakuliacha lile kaburi peke yake. Kati ya kauli hizo mbili upo umbali mkubwa, na anayefariji watu hana budi kujua amesimama upande gani.

Na Waoromo je?

Wasimulizi wengi huwasahau, na Krapf mwenyewe hakuwasahau hata siku moja. Biblia nzima ya Kioromo ilichapwa mwaka 1899, miaka 18 baada ya kifo chake. Aliyeitafsiri ni Onesimos Nesib, Mworomo aliyetekwa utotoni akauzwa utumwani, akakombolewa na kupata uhuru wake Massawa, akasomeshwa na misheni ya Waswidi, naye akafanya kazi hiyo akisaidiwa na Waoromo wenzake, Aster Ganno akiwa mmojawapo. Massawa ni mji uleule ambao Krapf na Rosina walipitia wakitafuta njia na kuikosa. Jambo ambalo Krapf alidhani lazima lipite mikononi mwake lilitimia mikononi mwa watu wenyewe.

Sijui kama hilo lingemfariji. Ningekuwa yeye, lingeniuma kidogo kabla ya kunifurahisha. Tunaposema tunamwachia Mungu, mara nyingi tunamaanisha atekeleze lilelile letu kwa mkono wake. Kukubali kwamba litatekelezwa bila sisi kuwemo, au baada yetu, ni kuachia kwa namna nyingine kabisa, na sidhani kama mtu hufika hapo kwa siku moja. Krapf ilimchukua miaka. Huko Rabai aliyeota taifa zima alipewa mtu mmoja, Mringe, Mmijikenda maskini mwenye ulemavu, aliyebatizwa akiwa karibu na kufa. Krapf alimhesabu kuwa malimbuko ya kazi yake.

Alifariki Novemba 1881 huko Korntal, Ujerumani. Walimkuta asubuhi amepiga magoti kando ya kitanda. Kamusi yake ya Kiswahili, aliyoianza Mombasa katika miaka ile ya homa, ilitoka London mwaka uliofuata. Hakuishika mkononi.

Nilimsimulia dada yetu haya yote, jioni mbili. Alitaka zaidi kusikia habari za Rosina kuliko za Krapf. Akauliza kama kuna mtu anayefagia pale kaburini. Kuhusu yule mwanaume hajapata maelezo hadi leo, na pesa za ukumbi hazikurudi. Jumanne huja. Wiki iliyopita zamu ya kusoma ilikuwa yake, akachagua Zaburi ya 13, ile ya kuuliza hata lini. Ni fupi, ina mistari sita tu, na ya mwisho ni ya kuimba. Aliisoma yote kwa sauti thabiti, akanyamaza kidogo, kisha akarudi akasoma tena mstari wa kwanza.